Bunga Katika Gari la Samaki

Samaki aliyeoza ananuka, kila mtu anajua, wala hakuna wa kumlaumu: amekufa, maskini. Lakini gari lililobeba samaki mwaka nenda mwaka rudi bila kuoshwa sawasawa, hilo halinuki tu. Hilo linakutukana usoni. Siku Pierrette alipong'oa mbao za nyuma ya pikapu yake, uani kwa rafiki yake Beauty pale Kabuta, kando ya ziwa, alirudi kinyumenyume, akaziba pua na mdomo kwa ncha ya kitenge, akamwita Yesu kwa sauti ya chini. Hakuwa anaapa. Alikuwa anaomba msaada.

Chini ya mbao kulikuwa na uji. Nikwambieje? Uji wa kijivu, mzito, wenye magamba yanayometameta, mafuta yaliyoganda, mchanga na kutu, na funza weupe wanene wakijinyonganyonga kwenye mwanga, wameshiba kuliko watoto wa watu. Pembeni bati lilikuwa limeliwa na kutu, ukiligusa kwa kidole linabonyea. Mwanamke huyu alikuwa anaendesha gari hili kila siku, amekaa mbele, kitambaa kichwani, Biblia kwenye dashibodi, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na haya. Alitema mate. Akatema tena.

Wazee walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Hawakuwahi kuona pikapu, wangeongeza maneno.

Sababu ya kuzing'oa mbao hizo ilikuwa moja tu, na naitaja mapema ili tusizungushane. Kule Mantapala, makazi ya wakimbizi ambako Pierrette alipewa kiwanja alipovuka kutoka Kongo, akina mama wa kinu cha kusagia mahindi walikuwa wanatafuta gari la kubeba bunga lao, yaani unga, kila wiki kwenda sokoni Nchelenge. Kazi ya kudumu, kavu, safi, ya kufanya na wanawake wenzako. Akiipata, hatarudi tena ufukweni kuomba samaki. Akiikosa, atarudi. Na kurudi ufukweni maana yake ni kurudi kwa Kaoma.

Akina mama wale hawakuwa wajinga. Bunga ni kama mtoto mdogo, linachukua harufu ya yeyote anayelibeba. Kwa hiyo walikuwa na jaribio lao: beseni la bunga linalazwa nyuma ya gari, chini ya turubai, mpaka asubuhi. Kisha linasongwa bukari, ugali wetu, kwa maji matupu, bila chumvi, bila mboga, na wanawake watatu wanaonja. Mmoja akisikia samaki, basi, rudi ulikotoka. Mkubwa wa waonjaji alikuwa Nkandu, Mzambia wa pale pale kando ya ziwa, mwanamke mpana mwenye maneno machache. Alikuwa ameshayakataa magari mawili, na mwenye gari la pili alilia hadharani kama mjane.

Sasa huyu Kaoma. Ningependa nisimtaje, maana hata kinywa kinachafuka, lakini hadithi haiendi bila yeye. Alikuwa na boti nyingi na kibanda cha mabati ufukweni, na mwanamke aliyetaka samaki wazuri, wa kwanza kushushwa, aliitwa kibandani eti kupima mizani. Aliyekataa alipewa waliopondeka, wakati jua limeshawaka. Kila mtu Kabuta alijua. Kila mtu alitazama majini. Pierrette alikataa kwa muda mrefu. Kisha mume wake Constantin akarudi ng'ambo ya ziwa kutazama shamba la baba yake, akaoa huko, akanyamaza. Akamwachia pikapu yenye injini inayokohoa. Msimu mmoja, basi, Pierrette aliingia kibandani. Sitasema zaidi. Nasema tu kwamba mikono ya Kaoma ilikuwa na magamba makavu kwenye vifundo vya vidole, na kwamba tangu msimu ule Pierrette alikuwa akisikia samaki katika kila kitu alichotia mdomoni, chai kwa mkate, embe kwa ndizi, na akajichukia kwa hilo kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Ndiyo maana alimwita mdogo wake, Pitchou.

Pitchou alifika kutoka Mantapala kwa baiskeli, na kopo kubwa la ile rangi nzito nyeusi ya mpira ambayo ukiipaka kwenye bati inakuwa ngozi, maji hayapiti, kutu haipumui. Alijisifu kwamba aliwahi kufanya kazi gereji Lubumbashi. Kweli, alifanya: alikuwa akiwashikia wenzake taa. Alitazama ule uji, akatazama kopo lake, akapendekeza kwa moyo mweupe kabisa kwamba wamwage ndoo mbili za maji, wangoje bati likauke, wapake. Rangi itafunika. Ni article quinze, akasema, ile sheria ambayo kila Mkongomani anaijua bila kusomeshwa: jitafutie mwenyewe, namna yoyote, mradi jioni ifike.

Pierrette alimwangalia mdogo wake kwa kinyaa kile kile alichowaangalia nacho wale funza.

"Pitchou, ukipaka juu ya mavi, utakuwa na mavi yenye rangi," alimwambia. "Twende tuoshe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakakomba ule uji kwa majembe, wakauzika mbali, mbwa wakaufukua, wakauzika tena na jiwe juu. Wakachemsha maji kwenye pipa la Beauty, wakamwaga na sabuni ya unga, wakasugua kwa brashi ya waya. Maji yalitoka kijivu. Wakamwaga tena, yakatoka kijivu. Katika kila kona, katika kila mkunjo wa bati, kulikuwa na kitu kilichojificha: jicho la samaki, utumbo uliokauka kama uzi, na mara moja, Mungu amsamehe Pitchou kwa kukionyesha, panya mzima aliyekuwa bapa. Pierrette alitapika nyuma ya choo, akasukutua, akarudi. Mchana wa pili alitapika tena, lakini bila kuacha brashi.

Beauty alikuwa akiwaletea ndimu na majivu, akikaa kwenye kiti chake kidogo na kumtania. Alimwambia kwamba hata bibi harusi hasuguliwi hivi. Pierrette hakucheka, lakini alisikia vizuri kutaniwa.

Bati lilipoanza kulia likisuguliwa, wakapiga msasa mpaka likang'aa mikwaruzo, wakaziba matundu kwa vipande vya bati jipya, wakafuta kwa kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Harufu ya tina iliwapanda kichwani, na Pierrette aliipenda, aliivuta kama mtu anayenusa ua, mpaka Pitchou akamnyang'anya kitambaa. Kisha wakapaka. Rola ilikuwa inanyonya na kutema, na ile rangi ikalala nene, nyeusi, yenye vipele vidogo kama ngozi ya mamba. Tabaka la kwanza likakauka. Wakapaka la pili asubuhi ya Ijumaa, nene zaidi, mpaka kopo likabaki na kiasi cha kufunika chini tu. Juu ya gari wakasimamisha nguzo nne na kutandaza turubai, ili vumbi lisishuke wala tone la mvua lisiguse kabla rangi haijashika.

Pierrette alisimama akalitazama. Hakuna samaki. Alinusa: rangi tu. Kwa mara ya kwanza tangu msimu ule alikula muhogo uani kwa Beauty na muhogo ukawa muhogo. Akaenda Nchelenge kwa baiskeli ya Pitchou kutafuta turubai jipya la kufunikia bunga, na Pitchou, kazi imekwisha, akaenda kulala kwenye baraza ya jirani kama mtu aliyejenga Yerusalemu.

Mvua ikaja kutoka ziwani.

Sasa nikueleze desturi, maana bila hiyo utamlaumu mtu asiye na kosa. Ufukweni kote, kuanzia Kabuta mpaka kambi za Chisenga, chisense wanaanikwa mchangani. Ni wale samaki wadogo weupe, wadogo kuliko kidole, dagaa wa ziwa letu. Tone moja la mvua likiwapata wakiwa nusu wamekauka, wanaoza wote kabla ya jua kurudi. Kwa hiyo mvua ikitisha, samaki hana mwenyewe. Yeyote aliye karibu anainua, wa adui yake hata, na kuwatia mahali pakavu pa karibu: sebuleni, kanisani, kitandani kwake. Na yule mwenye samaki, naye ana deni la heshima moja. Siku ile ile anakuja mwenyewe, kwa mikono yake, si kwa kutuma mtu, anatoa samaki wake na kusafisha alipowekewa. Asipofanya hivyo, mvua inayofuata wanawake wote wanafunga mikono kifuani na kutazama samaki wake wakilowa.

Mbele ya nyumba ya Beauty walikuwa wameanikwa chisense wa Kaoma, vyandarua na vyandarua. Vijana wake walikuwa Chisenga. Beauty alitoka mbio na wanawake wa jirani, wakainua, wakakimbia na mabeseni. Nyumba ikajaa. Jiko likajaa. Na pale uani, chini ya turubai, palikuwa na mahali papana, pakavu, pasafi kuliko mahali popote Kabuta. Hakuna aliyefikiri. Mikono ya watu wa ziwa haifikiri mvua ikija. Wakamwaga.

Pierrette alirudi amelowa chapachapa, akawakuta wamesimama kando ya pikapu. Beauty alikuwa ameshika beseni tupu, analia. Chisense walikuwa wamelala ndani ya rangi mbichi, maelfu, wamezama nusu, macho juu. Wengine walikuwa wameanza kulainika kwa unyevu. Harufu ilikuwa imesharudi nyumbani kwake.

Hakumpigia kelele Beauty. Unampigiaje kelele mtu aliyetenda wema? Alisikia tu hasira isiyo na pa kwenda. Pitchou aliamka, akaja, akatazama, akakuna kichwa. Akashauri kwamba kuna rangi kidogo kwenye kopo. Wawabonyeze samaki kabisa, wapake juu, hakuna atakayejua. Dada yake akalitazama kopo. Alikuwa anafikiria jambo hilo. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi, kwamba alikuwa anafikiria.

Mvua ilipokatika, Kaoma akaja. Amevaa suruali nyeupe, mwavuli mkononi, amejipulizia marashi juu ya ile harufu yake, na marashi juu ya samaki, nakwambia, ni bora samaki peke yake. Alitazama ndani ya gari. Akatazama turubai na nguzo na ngozi nyeusi iliyong'aa pale ambapo samaki hawakufika. Mtu huyu hakuwa mjinga. Alielewa gari limeogeshwa ili liende wapi. Akatabasamu.

"Mama Pierrette, umeharibu samaki yangu na rangi yako," alisema kwa Kiswahili chake cha biashara. "Haizuru. Kuya ku kibanda, tutazungumuza."

Wanawake wakatazama majini, kama kawaida yao. Pierrette akasikia mdomo wake umejaa mate ya mtu anayekaribia kutapika. Alijua kabisa njia mbili zilizo mbele yake, kumfuata sasa au kukosa kazi ya bunga na kumrudia baadaye, na zote zilipita kibandani. Basi akameza, akachukua kisu bapa cha kukwangulia, akamnyooshea Kaoma, mpini mbele.

"Ba Kaoma, samaki ni yako. Panda, utoshe." Yaani uwatoe.

Kaoma akacheka, akasema atatuma vijana wake kesho. Na hapo ndipo Beauty, aliyekuwa bado na machozi usoni, akaweka beseni chini na kufunga mikono kifuani.

"Awe," alisema. Hapana. "Mvua ilikuwa ya leo. Utaitosha weye mwenyewe, leo."

Mwanamke wa jirani akafunga mikono. Na mwingine. Kaoma alitazama mchanga, ule mchanga wote mbele ya nyumba zao ambao ulikuwa wake kwa samaki na wao kwa mvua. Masika ndiyo kwanza yanaanza. Alihesabu, nadhani, watu wa aina yake huhesabu haraka. Kisha akafunga mwavuli, akavua viatu, akakunja suruali nyeupe, akapanda.

Huwezi kukwangua ukiwa umesimama. Alipiga magoti. Rangi ilimshika magotini, ikamshika viganjani, na kila alipoinua goti lilitoa mlio wa kunyonya. Alikwangua chisense mmoja mmoja na vipande vya rangi pamoja nao, akawatia kwenye ndoo, jasho likimtiririka na marashi yake. Wanawake walisimama wakamtazama. Safari hii hawakutazama majini. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi, maana kicheko angekijibu.

Ungefikiri Pierrette alifurahi. Hakufurahi. Alitazama ile mikono yenye magamba ikipapasa gari lake alilolisugua mpaka likalia, kila kona, kila mkunjo, na akasikia kinyaa cha zamani kikirudi kizima. Mtu huyu tena! Hata huku ndani! Alitaka kumwambia ashuke, toka, acha, nitawatoa mwenyewe. Lakini Beauty alimshika mkono na kumshikilia, wakangoja mpaka akamaliza, mpaka akafagia, mpaka akashuka akitembea miguu kama bata kwa sababu suruali ilikuwa imegandana. Rangi ile haitoki kwa sabuni. Watu waliiona magotini mwake wiki nzima.

Kilichobaki ni kazi. Wakaosha, wakapiga msasa pale palipochubuka, na kile kiasi cha chini ya kopo kikafunika madoa yote, nyembamba, lakini kikafunika. Wakaliacha gari wazi juani mpaka harufu ya tina ikakonda. Jumamosi ya wiki iliyofuata Pierrette akaliendesha mpaka Mantapala. Beseni la bunga likalazwa nyuma, na turubai jipya juu.

Jumapili baada ya ibada bukari ikasongwa kwenye kinu. Watu walikuwa wengi, mambo ya watu huvuta watu. Mwonjaji wa kwanza, msichana mmoja aitwaye Keren, alitafuna na kusema ni bukari. Wa pili, mama mzee, akasema vilevile, akachukua tonge la pili ambalo halikuwa sehemu ya jaribio. Nkandu akachukua lake, akalifinyanga polepole, akatia mdomoni. Alitafuna muda mrefu kuliko bukari inavyohitaji. Alimeza. Akatulia, kama mtu aliyeitwa jina akiwa mbali.

"Siisikie," alisema.

Wakampigia Pierrette vigelegele. Wakampa tonge lake, kwa furaha, ale na wenzake. Akatia mdomoni, na likawa samaki. Samaki mtupu, wa jana, wa kibandani. Alitabasamu amefunga midomo, akatembea, akazunguka nyuma ya kinu, akainama na kutema, na akalia kwa uchungu, maana alijua sasa kwamba amewadanganya akina mama hawa, na kwamba gari halitatakata kamwe.

Akasikia hatua. Nkandu alikuwa amemfuata na kikombe cha maji. Alimpa, akangoja asukutue.

"Iko mu bunga," Pierrette alisema. "Munisamehe, mama. Iko mu bunga."

"Haiko."

"Mi naisikia."

"Najua unaisikia." Nkandu alikaa kwenye gunia tupu, akanyoosha miguu yake mizito. "Mi nilikaa ku Kabuta mbele weye ufike. Kibanda ni kile kile. Kisha nilitoka, na nikaisikia mu maji ya kunywa. Nikaisikia ku kichwa ya mutoto wangu nikimunyonyesha. Bamama ba hapa balinipa kuonja juu balijua miye naisikia hata penye haiko."

Pierrette alimtazama. Kule mbele walikuwa wakiimba.

"Yale magari mbili," alisema polepole.

"Pengine yalikuwa safi," Nkandu alisema. "Mungu anajua. Miye niliisikia."

Alichukua kikombe, akanywa maji yaliyobaki, akayashikilia mdomoni kidogo kabla ya kuyameza.

"Leo njo mara ya kwanza siisikie," alisema. "Beauty aliniambia Kaoma alipiga magoti."